Mtoto Haongei Vizuri? Angalia Kwanza Anaelewa Nini

Huku kwetu Mwanza mtoto akifika miaka miwili na nusu hajaanza kuongea, kila mtu anakuwa daktari. Bibi atasema akatwe udata, ile ngozi ya chini ya ulimi. Shangazi atasema watoto wa kiume ndo walivyo, muacheni. Jirani kule Mabatini atasema mmemzoesha katuni za kwenye simu, na yule mama wa dagaa pale Mwaloni atakuvuta pembeni akwambie kuna mtu kamfunga mtoto ulimi, kwa hiyo kuna mzee fulani muende mkamuone. Ukichunguza ushauri wote huo unaangalia sehemu moja tu, mdomo. Mdomo umetoa nini, maneno mangapi, yanasikika vipi. Mi leo naomba tuuache huo mdomo kidogo twende kwenye masikio na kichwani, maana huko ndo shida nyingi zinapoanzia na huko ndo hakuna mtu anayeangalia.

Kwanza tutenganishe usemi na lugha. Usemi ni kazi ya kutoa sauti, ulimi ukae wapi, pumzi ipite vipi. Mtoto mwenye kigugumizi ana shida ya usemi. Anayesema "tata" badala ya "kaka" wakati wenzake walishaacha, hiyo nayo ni ya usemi. (Na tafadhali ile ya kuchanganya r na l haihesabiki, Kanda ya Ziwa nusu ya wazazi wanasema wameenda kupiga kula, hiyo ni lafudhi, hakuna mgonjwa hapo.) Lugha ni kitu kingine, ni kuelewa unachoambiwa, kuwa na maneno ya kutosha, kuyaunganisha yakatoa maana, kusimulia jambo kuanzia mwanzo mpaka mwisho mtu akakufuata. Mtoto anaweza akatamka kila sauti vizuri kabisa na bado lugha ikawa imemshinda, na huyu ndo mgumu kumgundua kwa sababu mdomo wake hauna kasoro.

Shida yenyewe tunayoizungumzia wataalamu wanaiita kwa kifupi DLD, yaani tatizo la ukuaji wa lugha. Ni pale lugha ya mtoto inapogoma kukua kama ya wenzake, inamsumbua nyumbani na shuleni, inaendelea miaka na miaka, na ukitafuta sababu kubwa kama uziwi, usonji, ulemavu wa akili au jeraha la ubongo huioni. Zamani ilikuwa na majina mengi ya kuchanganya mpaka mwaka 2017 ambapo kundi la wataalamu zaidi ya 50 wakiongozwa na profesa mmoja wa Uingereza, Dorothy Bishop, walikubaliana watumie jina moja. Walibadilisha na jambo lingine la maana sana. Zamani mtoto alikuwa hapewi jina la tatizo hili mpaka vipimo vya akili vioneshe kwamba akili iko juu halafu lugha iko chini, sasa wale wenye akili ya kawaida ya chini kidogo walikuwa wanaachwa hivi hivi bila msaada. Hilo sharti likaondolewa.

Na wala siyo kitu cha nadra. Utafiti uliofanywa Surrey, Uingereza, na kutolewa 2016 kwa watoto wanaoanza shule ulikuta asilimia 7.58 wana DLD, na wengine kama asilimia 2.3 wana shida ya lugha inayoambatana na ugonjwa unaojulikana au ulemavu wa akili. Marekani kabla ya hapo, 1997, walipata asilimia 7.4 kwa watoto wa chekechea. Sasa chukua darasa la shule ya msingi ya huku mjini lenye watoto 100, na wote tunajua madarasa ya hivyo yapo, kama kiwango kinalingana basi pale ndani kuna watoto saba wa namna hii. Saba! Halafu jiulize mwalimu wao anawaitaje. Mimi nadhani mnajua anawaitaje.

Sasa nioneshe inavyokuwa. Chukua mtoto wa miaka sita, tumuweke Kirumba, mama yake anageuza dagaa juani. Mama anamwambia bila hata kuinua kichwa, "Kabla hujaenda kuoga niletee lile beseni la kijani nyuma ya ngazi." Mtoto anaondoka mbio, anavua nguo, anaingia bafuni. Mama anapandisha sauti, we mtoto mkaidi, nimekutuma nini? Mtoto kasimama anamtazama tu. Ukimuuliza mama atakwambia huyu ana masikio ya kufa. Lakini hebu rudi kwenye ile sentensi. Kuna "kabla hujaenda", ambayo inageuza mpangilio wa mambo, la pili kufanywa limetajwa la kwanza. Kuna beseni, kuna rangi, kuna mahali. Mtoto kadaka "kuoga" akaenda nayo, na kwa alichokidaka ametii vizuri kabisa.

Kesho yake mama huyo huyo anasema "Lete beseni" huku ananyoosha kidole na macho yameelekea kwenye ngazi, mtoto analeta. Mama anahitimisha kwamba anaelewa vizuri tu, jana ilikuwa jeuri. Kumbe leo amesoma kidole. Watoto wenye shida hii wanakuwa mafundi wa kusoma macho, mikono, na wanachofanya wenzao, ndo maana wanaweza kuishi nyumba moja na wewe miaka mitano usijue. Ukitaka kujaribu, weka mikono mfukoni, angalia pembeni, umwombe kitu ambacho hakitegemewi. Umwambie weka kijiko chini ya kiti, siyo ndani ya kikombe ambako kila mtu angekiweka. Fanya kama mchezo lakini, siyo mtihani, na usifanye akiwa na njaa.

Ndani kinachotokea bado wanasayansi wanabishana, ila jambo moja limeonekana mara nyingi, watoto wengi wenye DLD wanashindwa kurudia neno refu ambalo hawajawahi kulisikia. Wataalamu wanatunga maneno yasiyo na maana yenye silabi tatu, nne, tano, wanamwambia mtoto rudia. Mtoto wa kawaida anarudia, huyu mwingine anapoteza silabi njiani. Maana yake sauti hazikai kichwani muda wa kutosha kuzifanyia kazi. Ni sawa na kuvua dagaa kwa nyavu za sangara, yale makubwa yanabaki, madogo yote yanapita. Na lugha imejaa madogo. Fikiria tu mtu akisema "hatukumpelekea", neno moja lakini ndani kuna kukana, kuna sisi, kuna wakati uliopita, kuna yeye, kuna kupeleka, na kuna kwamba ilikuwa kwa ajili yake. Mtoto anayebaki na "peleka" peke yake anaweza akaelewa kinyume kabisa cha ulichosema. Kwa wanaozungumza Kiingereza inajulikana sana kwamba watoto wenye DLD wanaangusha vile viambishi vya mwisho vya wakati uliopita muda mrefu baada ya wenzao kuvishika.

Sasa inatoka wapi.

Kwa sehemu kubwa inatoka kwenye ukoo. Huku kwetu mapacha ni Kulwa na Doto, na wanasayansi wamewatumia sana akina Kulwa na Doto kwenye swali hili. Kuna mapacha wa yai moja, jeni zao ni zile zile, na kuna wa mayai mawili ambao wanashabihiana kama ndugu wa kawaida tu. Aina zote mbili wanakulia nyumba moja, wanakula ugali mmoja, wanaongeleshwa na mama mmoja. Kama kosa lingekuwa la malezi peke yake basi Kulwa akiwa na shida Doto naye angekuwa nayo kwa kiwango kile kile kwa aina zote mbili za mapacha. Haiko hivyo. Bishop huyo huyo na wenzake mwaka 1995 walikuta mapacha wa yai moja wanashirikiana hii shida kuliko wa mayai mawili, na tafiti nyingine zikaja kuonesha hivyo hivyo.

Kuna na familia moja ya London, kwenye tafiti inaitwa KE tu, karibu nusu ya watu wake kwa vizazi vitatu walikuwa na shida kubwa ya kutamka na ya lugha. Mwaka 2001 ikagundulika kuna jeni moja imeharibika, FOXP2. Magazeti yakashangilia kwamba jeni ya lugha imepatikana! Haikupatikana. Hitilafu ya FOXP2 ni nadra sana na watoto walio wengi wenye DLD hawana. Kwa hawa wengi ni jeni nyingi kila moja inasukuma kidogo, kama ilivyo kwa urefu wa mtu, hakuna kipimo cha damu kitakachokwambia mtoto wako anayo au hana.

Na hapa ndo inanichekesha ile faraja ya ukoo. Watu wanakaa wanasema "msihangaike na huyo, hata baba yake alichelewa kuongea mpaka miaka minne, mbona sasa hivi mzima." Hiyo wanaisema ili mtulie, wakati daktari akiisikia anaiandika kwenye faili. Baba kuchelewa, mjomba kushindwa kusoma mpaka darasa la saba, dada kupata shida ya kuandika, hizo zote ni dalili kwamba mtoto huyu anahitaji kuangaliwa mapema zaidi ya mwenzake. Hata ile ya watoto wa kiume ina ukweli kidogo, wavulana kwa wastani wanatanguliwa na wasichana, lakini ni tofauti ndogo, haitoshi kueleza mtoto wa miaka mitatu ambaye haunganishi maneno mawili.

Kuzaliwa njiti au na uzito mdogo kunaongeza hatari pia.

Malezi je? Akina mama wengi wanalala wanalia kwamba sikumwongelesha vya kutosha, nilikuwa sokoni, nilimwachia dada wa kazi. Mama, acha hiyo. Duniani kuna jamii nyingi ambako watu wazima hawakai kupiga stori na mtoto mchanga, analelewa na watoto wenzake, anasikiliza wakubwa wakiongea yao, na lugha anaipata. Huku Usukumani watoto wangapi wamelelewa mgongoni kwa dada wa miaka nane? Kuongeleshwa kunasaidia lugha ya mtoto yeyote ikue vizuri zaidi, hilo halina ubishi, na mtoto mwenye DLD anakuhitaji zaidi ya wengine, lakini kumhitaji mtu na kuumizwa na mtu ni mambo mawili. Simu na katuni ni hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ushauri mzuri, ufuateni, ila msitegemee kwamba mkizima simu DLD itaondoka.

Lugha mbili, hili linanikera. Kuna wazazi wanaambiwa, na wakati mwingine na watu waliosoma, kwamba mtoto amechanganyikiwa kwa sababu bibi anaongea Kisukuma, baba Kikerewe, mama Kiswahili na shule ni ya Kiingereza, kwa hiyo chagueni moja. Lugha nyingi hazisababishi DLD. Mwaka 2003 kule Kanada, Johanne Paradis na wenzake walilinganisha watoto wenye shida hii wanaokua na Kifaransa na Kiingereza na wale wenye shida hiyo wanaokua na lugha moja, wakakuta makosa yao ya sarufi yanalingana. Watoto wenyewe tunao huku, kisiwani Ukerewe mtoto wa miaka mitano anapiga Kikerewe, Kijita na Kiswahili bila kupumzika. Kinachotakiwa kujua ni kwamba DLD ikiwepo inaonekana kwenye lugha zote. Mtoto anayeyumba kwenye Kiswahili lakini kwa bibi yake Misungwi anamwaga Kisukuma mpaka wazee wanacheka, huyo hana DLD, huyo anajifunza lugha ya pili, mpeni muda. Na ukimnyima Kisukuma umemnyima bibi, umemnyima hadithi, umemnyima mtu aliyekuwa na muda wa kuongea naye kuliko nyie wote.

Na udata. Ngozi ya chini ya ulimi ikiwa fupi inaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na wengine baadaye baadhi ya sauti zinawapa tabu. Haiwezi kumfanya asielewe maneno, haiwezi kumfanya asijue kuunganisha sentensi. Kumkata mtoto wa miaka mitatu udata ili aongee ni kumwaga damu bure, na kama anayekata ni mtu wa mtaani na wembe wake, basi mnanunua na maambukizi. Kimeo ndo usiseme, kuna watoto wamefikishwa hospitali wakivuja damu kwa ajili ya kimeo ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Kabla mtu hajasema DLD kuna vitu vinatakiwa viondolewe kwanza, na cha kwanza ni masikio. Mtoto yeyote anayechelewa kuongea apimwe usikivu, hata kama unaapa anasikia. Kugeuka mlango ukigongwa hakutoshi, mlango unagonga na sakafu inatetemeka, na kuna uziwi unaochukua sauti nyembamba tu, mtoto anasikia ngoma na bodaboda lakini s, f na t zinampita. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara yasiachwe mkasema yatakauka. Homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya uchangani, dawa kama gentamisini zikizidi au zikitumika vibaya, zote zinaweza kula usikivu. Kwa hapa Mwanza Bugando ndo hospitali ya rufaa ya kanda na wana madaktari wa masikio, pua na koo, unaweza kuanzia kituo chako cha afya wakakuandikia rufaa. Na uziwi mkubwa ukigundulika mapema siku hizi kuna njia, Muhimbili tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo kwa mtoto mdogo vinafanya kazi vizuri zaidi kuliko kwa aliyeshakua.

Kuna mengine ya huku kwetu hasa. Malaria kali ya kupanda kichwani, ile watu wanaita degedege wakakimbilia kufukiza, watafiti wa Kilifi kule pwani ya Kenya walifuatilia watoto walioipona wakakuta baadhi wamebaki na shida za lugha muda mrefu baada ya homa kuisha. Sikoseli nayo, ambayo Kanda ya Ziwa tunayo sana, inaweza kumletea mtoto kiharusi na kiharusi kikagusa lugha. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, mtoto mwenye kifafa. Hawa shida yao ya lugha ina chanzo kinachojulikana na inaambatana na matibabu ya hicho chanzo, ingawa kazi ya kuwafundisha lugha haitofautiani sana. Kichocho na minyoo havileti DLD, lakini mtoto wa mwambaoni mwenye damu pungufu anasinzia darasani na hapo huwezi kujua kipi ni kipi, mtibuni tu.

Usonji watu wanauchanganya na hii kila siku. Kwa kifupi sana, mtoto wa DLD anataka kuwasiliana. Atakuvuta kanga, ataonesha ndege kwa kidole halafu akugeukie aone kama na wewe umeiona, ataigiza kwa mikono. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hicho cha kukugeukia mshirikiane kinakuwa kidogo au hakipo, na kuna kurudia rudia mambo, kuna kukerwa na sauti au mguso. Wengine wana usonji na shida ya lugha kwa pamoja. Na kama mtoto alikuwa anaongea halafu maneno yakaanza kupotea, usisubiri kliniki ya mwezi ujao, nenda leo.

Kuhusu umri, tusitishane. Miaka miwili watoto wengi tu wanakuwa na maneno machache, na wengi wao wanawafikia wenzao wakikaribia kuanza shule. Anayenitia wasiwasi ni yule ambaye ukiacha maneno hata ishara za mikono hana, haelewi maagizo mepesi, na ukoo una historia. Miaka miwili hajafikisha maneno kama 50 wala haunganishi mawili, "mama njoo", "maji hakuna", mpelekeni akaangaliwe. Miaka mitatu haongei sentensi fupi, nendeni. Kuanzia minne mitano shida ikiwa bado ipo mara nyingi imekuja kukaa, hapo ile "atazoea" haina kazi tena. Kadi ya kliniki inatuzoesha kuangalia uzito, mama anarudi nyumbani na furaha mtoto kapanda kilo, hakuna aliyemuuliza mtoto anaelewa nini, kwa hiyo sema mwenyewe hata kama foleni ni ndefu.

Matibabu sasa. Hakuna kidonge, hakuna sindano, na anayekuuzia chupa ya kufungua ulimi anakula hela yako. Tiba yenyewe ni lugha, inayotolewa kwa namna fulani, kwa muda mrefu, na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha ndiye anayeipanga. Kwa ukweli hawa wataalamu Tanzania ni wachache mno. Kwa hiyo mzazi anabeba sehemu kubwa, na bahati nzuri tafiti zinaonesha mzazi aliyefundishwa namna ya kufanya anamsaidia mtoto kweli kweli. Niseme vilevile kwamba maneno na matamshi yanaitikia tiba haraka zaidi, kuelewa kunachelewa, kwa hiyo mtu asikuahidi miezi mitatu.

Namna yenyewe ni hii. Mtoto kaona mbwa anakatiza kwenye mawe, anasema "Mbwa kimbia." Wengi wetu tutasema hapana, sema vizuri, sema a-na-ki-mbi-a, rudia. Mtoto anarudia mara mbili, ya tatu ananyamaza, na amejifunza kwamba kuongea ni balaa. Badala yake unasema "Eeh, mbwa anakimbia. Anakimbia haraka!" Umemrudishia sentensi yake ikiwa imekamilika, kwenye jambo lile lile analoliangalia, na hujamdai chochote. Halafu unanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo wazazi tunashindwa, tunajaza kila upenyo, wakati mtoto huyu anahitaji sekunde kadhaa kutafuta neno. Subiri, mwangalie usoni kama mtu anayetegemea jibu. Akija na "kimbia maji" wewe unasema "Ndiyo, anakimbilia majini."

Punguza maswali ya mtihani. Hii nini, hii nini, hii rangi gani, hiyo ni kumpima, humfundishi. Mwambie wewe unachofanya wakati unakifanya. Unaparua sato, sema naparua magamba, magamba yanaruka, moja limekuganda shavuni. Neno jipya kwa mtoto huyu linahitaji kurudi mara nyingi zaidi kuliko kwa mwenzake, kwenye sehemu tofauti tofauti, magamba ya leo, magamba ya kesho sokoni, magamba kwenye picha, na ashike kwa mkono. Msaidie kulishika neno kwa sauti pia, linaanza na "ma", tupige makofi silabi zake, ma-ga-mba. Vitabu vya picha vikiwepo vizuri, visipokuwepo hata gazeti la kufungia maandazi lina picha.

Hadithi usiziache. Paukwa pakawa ya bibi ina kila kitu wanachokitafuta wataalamu, kuna mhusika, kuna tatizo, kuna kilichofuata, na inarudiwa ile ile kila usiku. Mara ya tano mwachie mtoto kipande akimalizie yeye. Baadaye amsimulie baba akirudi, kwa kuchora au kuigiza kama maneno yanagoma.

Shuleni ndo kuna kesi. Mwalimu anafundisha, anauliza "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia ndiyooo mwalimu. Ule mwitikio unamficha mtoto wa DLD kuliko kitu chochote, anafungua mdomo na wenzake, anarudia na wenzake, anasimama wakisimama, na mwisho wa muhula amepata 12 kwa 50 mwalimu anashangaa huyu mbona darasani yupo? Mwalimu akitaka kujua amwambie mmoja mmoja "nioneshe utakachofanya". Maagizo yawe mafupi, moja moja, kwa mpangilio wa kufanya, na kitu kichorwe ubaoni kama kinachoreka. Mtoto akae mbele. Na kiboko kwa ajili ya kutofuata maagizo ambayo hakuyaelewa hakimfundishi lugha, kinamfundisha kujificha vizuri zaidi. Wengi wa hawa wanapata shida na kusoma pia, kwa sababu unaweza kumfundisha ba be bi bo bu akazisoma zote na bado aya nzima isimwambie kitu. Akifika kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, hapo hata wale waliokuwa wanajikongoja wanadondoka, kwa hiyo mzazi ongea na shule kabla, usisubiri ripoti.

Wengi wanaendelea nayo mpaka ukubwani. Wanafanya kazi, wanaoa, wanaendesha maisha yao, ila fomu ndefu na maelekezo ya haraka vinabaki kuwasumbua, na mtu aliyejua mapema kwamba hii ni lugha, siyo ujinga, anajipanga tofauti na aliyekua akiambiwa ana kichwa cha samaki.

Ukiamua kwenda hospitali, wiki moja kabla mrekodi mtoto kwa simu akiwa nyumbani, dakika mbili tatu akicheza, akila, akigombana na mdogo wake. Chumba cha daktari kinawanyamazisha watoto hata wale waongeaji, na daktari atamuona aliyeganda kwenye kiti akaandika haongei kabisa. Rekodi kwa lugha zote anazosikia. Andika kwenye daftari maneno anayosema, na ukurasa wa pili andika maagizo anayoelewa bila kuoneshwa kidole, huo ukurasa wa pili ndo muhimu na ndo watu hawauleti. Beba kadi ya kliniki, kumbuka lini alilazwa na alichomwa sindano gani, uliza upande wa baba nani alichelewa kuongea. Na kama nyumbani anaongeleshwa zaidi na bibi, panda naye daladala mwende wote, maana daktari akitaka kujua mtoto anaelewa nini kwa Kisukuma, bibi ndo wa kumuuliza yale maswali.